Sansa Clip+ na Windows 98 ya ami

Ami yangu wa Kibokoni, Mombasa, hataki kusikia habari ya kubadilisha kompyuta. Ina Windows 98, toleo la pili la 1999, na ndani yake mna kanda za taarab za Juma Bhalo na Zein l'Abdin alizozihamisha mwenyewe, kaseti baada ya kaseti. Alitaka tu kuzisikiliza akiwa barazani. Nikamwambia, "Ami, hiyo kazi ya dakika tano." Ilinila wikendi mbili.

Kichezeo cha kwanza cha muziki nilikinunua mjini, kipya, kinang'aa, na hakikufaa kitu. Kilijua MTP peke yake, yaani njia ya kuhamisha nyimbo kupitia programu ya muziki, na MTP inataka Windows XP yenye Media Player 10, ilhali Windows 98 iliishia Media Player 9. Muuzaji akakataa kukirudisha. "Nunua laptopu," akaniambia.

Ndipo nikapata Sansa Clip+ ya mtumba, kichezeo kidogo cha kubana nguoni. Hii ina kitu ambacho sasa nakiuliza kabla hata ya bei: kwenye mipangilio, chini ya USB Mode, unaweza kuchagua MSC, nayo ikajitambulisha kwa kompyuta kama fleshi ya kawaida. Tatizo, Windows 98 haijui hata fleshi bila draiva, ile programu ya kuitambulisha kifaa. Draiva hiyo ilikuja kuwekwa ndani ya Windows Me. Nikashusha NUSB, draiva ya jumla waliyoitengeneza mashabiki, nikaibeba kwa CD. Inataka toleo la pili, usiihangaikie kwenye 98 ya mwanzo. Na ukiambiwa uondoe kwanza draiva za zamani za USB, ondoa. Mimi nilijifanya mjuaji, mashine ikaganda mara mbili huku ami amenisimamia kichwani na kikombe chake cha kahawa.

Ilipokubali, herufi mpya ya diski ikatokea kwenye My Computer, tukaanza kunakili. Polepole, maana ni USB 1.1: gigabaiti moja kama dakika ishirini. Kadi ya kumbukumbu nimemtilia ya GB 8, iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa faili ambao Windows 98 inausoma. Za GB 64 huja na exFAT, mfumo mpya zaidi, na huo Windows 98 haiusomi.

Sauti safi, WAV zake zinacheza vilevile zilivyo. Kioo ni kidogo mno, bila miwani ami haoni jina la wimbo. Kichezeo anakibana kwenye mfuko wa kanzu, vipokea sauti masikioni, wazee wenzake wanamtazama tu akitikisa kichwa. Wamelalamika kuwa wao hawasikii kitu. Sasa natafuta spika ndogo ya waya, kwani Bluetooth hakina.