L'Hippocampe: Uchungu wa Kuzaa Umpatapo Dume

Filamu ya L'Hippocampe, iliyokamilishwa mwaka 1934 na Jean Painlevé, Mfaransa aliyesomea biolojia na kuishi karibu na wasanii wa Paris, huchukua takriban robo saa tu, lakini nimeirudia mara tatu, na kila mara ni kwa ajili ya dume yuleyule anayejifungua.

Mhusika ni farasi-bahari, samaki anayesimama wima na kujishikiza kwenye majani ya baharini kwa mkia wake, kama kinyonga kwenye tawi. Jike humwekea dume mayai katika mfuko ulio tumboni mwake, na dume ndiye anayebeba mimba hadi siku ya kuzaa. Painlevé alipiga baadhi ya picha ndani ya maji ya ghuba ya Arcachon, nchini Ufaransa, kamera ikiwa ndani ya sanduku lisiloingiza maji, na nyingine kwenye matangi ya kioo, ambako angeweza kumngojea mzazi kwa subira.

Tukio la kujifungua ndilo linaloibeba filamu nzima. Kamera imesogezwa karibu mno: dume anajikunja na kujinyoosha, mdomo wa mfuko uliovimba unapanuka na kujifunga, kisha watoto, kila mmoja akiwa na umbo kamili la baba yake, wanarushwa nje kwa mikupuo, huku macho ya baba yakizunguka, moja huku na jingine kule. Aliyewahi kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha kuzalia hatazitazama dakika hizo kwa utulivu. Painlevé hakuyapamba maumivu hayo, wala hakusita kuupasua mfuko na kutuonyesha yaliyomo, jambo ambalo, nakiri, lilinifanya nigeuze uso.

Muziki wa filamu, uliotungwa na Darius Milhaud, sikuupenda sana, kwa sababu unachangamka mahali ambapo ukimya ungetosha. Mzaha wa mwisho, ambapo viumbe hawa waendao polepole wanaelea mbele ya picha za farasi wa nchi kavu wakishindana mbio, umenichekesha kila mara, ingawa rafiki niliyetazama naye aliuona wa kitoto.

Anayetaka kuitazama atafute kioo kikubwa. Mara ya kwanza niliitazama kwenye simu, na katika picha zile zisizo na rangi watoto waliozaliwa walionekana kama vumbi, nikadhani mkanda umechakaa.