Mto wa reli ya mfano: ununue nini kwanza, nini baadaye

Kigoma hatuko wengi wenye ugonjwa huu wa kujenga reli ndogo juu ya plaiwudi. Lakini kila anayeanza ananiuliza lile lile: ninunue nini cha kuigizia maji? Nami humrudishia swali: mto gani? Anayetengeneza kipande cha Reli ya Kati kati ya Tabora, ilikofika mwaka 1912, na Kigoma, ilikotua 1914, hana budi kuvuka Malagarasi. Na Malagarasi wakati wa mvua ni chai ya maziwa. Maji angavu ya kwenye picha za Uswisi hayatuhusu.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye rangi: kopo dogo la kahawia, la udongo mwekundu na la nyeusi. Katikati ya mto paka nyeusi kidogo, ukielekea kingoni ufifishe hadi rangi ya tope. Kina cha mto kinapakwa, hakimwagwi. Rangi ikikosewa, hakuna kimiminika kitakachokuokoa.

Sasa maji yenyewe. Namba moja kwangu ni vanishi ya maji yenye mng'ao. Inapatikana kwenye maduka ya rangi, haina harufu kali, na brashi unaosha bombani. Paka safu tano au sita nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Muulize muuzaji mara mbili kama kweli ni ya maji. Mimi niliwahi kuuziwa ile ya maseremala, inayozimuliwa kwa thina. Ikala stairofomu, lile povu gumu jeupe, ya ukingo mzima huku naitazama.

Namba mbili ni epoksi, vimiminika viwili unavyochanganya vikaganda. Kwa uzuri inaishinda vanishi, hilo silibishi, hasa ukitaka kijito ambacho kokoto za chini zinaonekana. Ila mara nyingi utaiagiza Dar es Salaam, basi piga hesabu kwanza. Mto wenye upana wa mita 20 kwa kipimo cha 1:87, yaani ukigawa kwa 87, unatoka sentimita 23. Wengi tunaupunguza hadi 12. Urefu sentimita 80, kina milimita 3: ni mililita 288 tu. Usishawishiwe kununua galoni. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye chupa bila kukisia, maana ikikosewa inabaki kunata milele. Vaa glavu, fungua madirisha. Ziba kila tundu la ubao, kwani epoksi hutafuta upenyo kama mwizi. Asubuhi utaikuta sakafuni. Imwage safu nyembamba nyembamba, kwa sababu ikiganda hutoa joto, na ikiwa nene joto hilo huipasua. Mapovu yapitishie moto wa kiberiti haraka, kwa juu juu.

Gundi nyeupe ya mbao naiweka ya tatu. Ni rahisi kuliko zote, na ikikauka huwa angavu, lakini ukiimwaga nene inabaki na ukungu ndani. Inunue kwa ajili ya viwimbi juu ya vanishi. Kwa maji yanayogonga nguzo za daraja, silikoni angavu ya mafundi wa vioo ni bora zaidi. Harufu ya siki isikutishe.

Kioo au pleksi, ile plastiki angavu kama kioo? Kwa ziwa tu, ukitengeneza bandari. Mtoni kingo zake hukusaliti.

Maji halisi usithubutu. Mbu, kutu, na umeme chini yake.

Ukibakiwa na chenji, nunua katani. Ikate vipande vya sentimita mbili au tatu, ipake kijani, uisimamishe vishada vishada kingoni iwe mafunjo. Ipande kabla ya safu ya mwisho ya vanishi, ili ionekane imeota majini badala ya kubandikwa juu yake.