Chaja hii inachaji vizuri, ila kile kitufe kitanitoa roho

Huwa siandiki maoni kuhusu vitu ninavyonunua, lakini hii chaja ya betri za magari imenichosha. Kuchaji inachaji, tena vizuri. Shida ni kitufe. Kipo kimoja tu, na ndicho cha kila kitu.

Ukibonyeza, taa inahama: betri ya pikipiki, betri ya gari, AGM (zile betri zilizofungwa, zisizoongezwa maji), kisha kufufua betri iliyochoka, halafu mwisho kabisa modi ya kutoa umeme bila betri. Ukiipita unayoitaka hakuna kurudi nyuma, unazunguka upya. Sasa mimi nilikuwa nabadilisha betri, sikutaka redio na saa vipoteze kumbukumbu, wala kompyuta ya gari isahau mipangilio yake. Modi ya kutoa umeme imewekwa kwa kazi hiyohiyo: volti 13 na ushee, zimetulia, hata betri ikiwa imetolewa. Lakini ili uifikie lazima upite kwenye kufufua, ambako volti hupanda hadi karibu 16! Kitabu chao wenyewe kinasema ukitaka kufufua betri uitoe kwanza kwenye gari, vifaa visije vikaungua. Ni sawa na kumpitisha mgeni jikoni kwenye mafuta ya moto ili afike sebuleni.

Na hizo taa! Vitone vya kijani ambavyo juani huvioni. Nimeinama kwenye injini, kiganja kimoja nakinga jua, kidole cha mkono wa pili kiko kwenye kitufe, maana modi ya kutoa umeme inataka ushikilie sekunde 3. Ukiachia mapema kidogo tu, inaruka kwenda hali ya kusubiri, isiyofanya kitu, unaanza upya. Na huku vibanio viko hewani, na kwenye modi hiyo havina kinga ya cheche kama kwenye kuchaji. Kibanio cha chanya kikigusa bodi ya gari, utajua mwenyewe.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanisikiliza, akanijibu, "Mzee, bonyeza taratibu." Taratibu! Nikamuuliza kwa nini wasingeweka kitufe cha pili cha kurudi nyuma, akasema wateja wengine hawalalamiki. Nikakata simu kabla sijasema la kujutia.

Lakini niwe mkweli. Nilikuwa na betri iliyokaa muda mrefu hadi ikaisha kabisa. Chaja ikagoma kuiona, kwa sababu kwenye kuchaji haitoi kitu mpaka ihisi kuna volti kidogo upande wa pili. Nikaiweka kwenye kutoa umeme, nikasimama pembeni naikagua isipate joto, baada ya muda mfupi nikaihamishia kwenye kuchaji. Ikakubali! Betri ambayo fundi alishaniambia niitupe inawasha gari mpaka leo. Siku ile ningeipa nyota zote tano.

Halafu juzi umeme ukakatika usiku. Uliporudi, chaja haikukumbuka ilikuwa inafanya nini, ikabaki imewasha taa ya kusubiri hadi asubuhi, na betri ikiwa vilevile. Inangoja eti kitufe kibonyezwe.

Nyota tatu. Hapana, mbili, mpaka watenganishe ile modi ya kufufua. Na shemeji anayeniuliza kila mara kama naiuza: siiuzi.