Geti la chuma lenye kilango cha paka: linamfaa nani anayeleta mbwa wa kuokolewa?

Kabla ya kitanda, bakuli na mpira wa kuchezea, nyumba yenye paka inayomsubiri mbwa wa kuokolewa inahitaji geti la ndani. Mlango wa mbao ukifungwa, wanyama hawaonani kabisa. Ukifunguliwa, wanaonana ghafla, paka anakimbia, mbwa anafukuza, na mbwa aliyekwisha kuonja raha ya kufukuza ni vigumu sana kumrudisha nyuma. Geti linawapa hatua ya katikati: wananusana na kuonana siku nyingi bila jino kufika shingoni.

Tunalopima hapa ni geti la chuma la kubana, yaani lile linalojishikilia kwenye fremu ya mlango kwa skrubu nne zenye vikanyagio vya mpira, na ambalo chini lina kilango kidogo cha paka. Mfano wetu ni Carlson Extra Tall. Lina kimo cha takriban sentimita 91, linaingia kwenye uwazi wa kati ya sentimita 74 na 93 ukitumia kipande chake cha nyongeza, na kilango chake kina ukubwa wa takriban sentimita 25 kwa 18. Ukikuta la kampuni nyingine, pima mambo hayo hayo matatu: kimo, upana linaoufikia, na ukubwa wa kilango.

Anza na mlango wako. Milango mingi ya vyumba huku kwetu ni ya sentimita 80 au 90, kwa hiyo kwa upana hakuna tatizo. Tatizo ni unene. Geti linahitaji sehemu bapa ya fremu, kila upande, ambayo haiguswi na mlango wa mbao unapofungwa. Lifunge upande ambao mlango haufungukii, ili siku za mwanzo uweze kufunga vyote viwili. Ukilibana mahali linapouzuia mlango kufungwa, umepoteza nusu ya faida yake, kwa sababu usiku na unapokwenda kazini ni mlango wa mbao unaolinda, siyo geti.

Ukilitoa kwenye boksi utashtuka: fremu imepinda, na kati ya komeo na nguzo kuna pengo la vidole viwili hivi. Watu wengi hulirudisha dukani hapo hapo. Halijaharibika. Mageti ya kubana hutengenezwa yakiwa wazi kwa juu, na pengo hilo hujifunga unapokaza skrubu. Simamisha geti katikati ya mlango, kaza skrubu mbili za chini kwa mkono hadi zishike, kisha za juu, halafu rudi chini na spana ndogo iliyomo ndani ya boksi, robo mzunguko kila upande kwa zamu. Angalia kwa pima maji. Acha kukaza pale komeo linapoingia lenyewe bila kusukumwa. Ukizidisha, fremu inajikunja na komeo linapita juu ya kishikio chake, na hapo mbwa akiegemea linafunguka.

Vikombe vinne vya plastiki vinavyokuja na geti watu huviacha kwenye mfuko wakidhani ni vya ziada. Ndivyo vinavyozuia vikanyagio kuteleza. Kwenye fremu ya mbao vifunge kwa skrubu. Kwenye ukuta wa lipu gundi yake haitoshi, hasa lipu ikiwa imepakwa rangi ya maji, maana rangi hubanduka pamoja na gundi. Toboa, weka plagi za plastiki za ukutani, kaza skrubu. Lipu iliyokufa, ile inayolia kama ganda tupu ukiigonga kwa kidole, isibebeshwe geti la kubana kabisa, kwa sababu itapasuka ndani ya wiki. Baada ya siku saba kaza upya hata kama lipo imara, kwani mpira hujikandamiza na nguvu hupungua.

Sasa kilango, ambacho ndicho sababu ya kulipa zaidi. Kwa mbwa mkubwa wa kilo 15 kwenda juu, kinafanya kazi nzuri mno: paka anapita, mbwa anabaki ameegemeza pua. Paka mwenye njia ya kutoka anatulia haraka kuliko aliyefungiwa chumbani. Lakini mbwa wengi wanaookolewa Nairobi au Dar es Salaam ni mbwa koko wachanga, wenye kifua chembamba, na upana wa sentimita 18 unampitisha mbwa wa miezi mitatu kirahisi. Kanuni ya kupimia ni hii: mbwa hupita pale kichwa na kifua vinapopita. Kata kadibodi yenye tundu la ukubwa wa kilango, ishike mbele ya mbwa ukiwa na kipande cha nyama upande wa pili, na utazame mabega yake. Yakiingia, funga kilango kwa kitasa chake na umwache paka aruke juu, au tumia njia ya kulabu tutakayoitaja baadaye.

Uwazi kati ya fito ni kasoro ambayo matangazo hayaitaji. Sentimita tano zinamzuia mtoto, lakini mkono wa paka unapita, na kucha za paka hulenga macho. Siku za mwanzo funika nusu ya chini ya geti kwa kanga au shuka nzito. Ifunge upande wa paka, pindo la chini liwe limebanwa nyuma ya mwamba wa chini, vinginevyo mbwa ataivuta kwa meno na kufikia jioni una matambara. Kila siku pandisha kanga upana wa kiganja, ili waonane miguu kwanza, kisha kifua, kisha uso. Uso wa mbwa ndio unaomtisha paka, na kumkodolea macho ndiko kunakowasha hamu ya mbwa kufukuza. Kuvifunua mwishoni kunasaidia wote wawili.

Kimo cha sentimita 91 kinatosha kwa mbwa mtulivu. Mbwa koko mwenye miguu mirefu aliyezoea kuruka ukuta atakivuka akitaka, tena bila kukimbilia. Kwa hiyo usiweke kigoda, ndoo wala kochi karibu na geti, na usiwaache peke yao kwa kutegemea geti hata mara moja katika wiki za mwanzo. Mwamba wa chini nao unajitokeza juu ya sakafu na kumkwaa mtu gizani. Nyumba yenye mzee au mjamzito ipake mwamba huo utepe mweupe, na geti la kubana lisiwekwe kabisa juu ya ngazi.

Geti la fundi wa kuchomelea ni mshindani wa kweli, na kwa mbwa mwenye nguvu tunalipendelea. Mpe fundi vipimo hivi: fremu ya skwea paipu ya milimita 20, nondo nyembamba za milimita 8 zilizosimama, nafasi ya sentimita 4 kati yake, kimo cha sentimita 120, bawaba mbili na komeo la kusukuma upande wa juu. Nondo zisimame wima, kwa sababu zikilazwa zinakuwa ngazi. Kilango kiwe na upana wa sentimita 14 na urefu wa 18, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 20 kutoka sakafuni: paka anaruka ndani bila taabu, mtoto wa mbwa anashindwa kupandisha miguu ya nyuma. Kabla ya kulipa, pitisha kidole polepole kwenye kila ukingo wa tundu hilo. Chembe za moto wa kuchomelea zilizoganda hukata ngozi ya paka, na fundi azisage kwa grainda kabla ya kupaka rangi. Rangi ya mafuta iachwe ikauke hadi harufu iishe, maana mbwa mwenye wasiwasi hutafuna chuma.

Na kama bajeti hairuhusu lolote kati ya hayo, kulabu na jicho lake kutoka duka la vifaa vya ujenzi vinatosha kuanzia. Vifunge kwenye mlango wa mbao na fremu, kwenye kimo cha kifua chako, ili mlango ubaki wazi sentimita 9 au 10. Paka mzima wa kawaida anapenya, mbwa wa kilo 10 hapiti. Hasara yake ni kwamba wanyama wanaonana kupitia ufa, na ufa unamfanya mbwa avizie. Ni njia nzuri ya kumpa paka kimbilio, ila haifai kwa mafunzo.

Namna ya kutumia geti ni muhimu kuliko aina yake. Mbwa anapofika kutoka kituoni, iwe KSPCA ya Nairobi, shirika la kutunza wanyama, au kwa mwokoaji binafsi, siku tatu za kwanza mlango wa mbao ufungwe, na wanyama wabadilishane matandiko tu: kitambaa alicholalia mbwa kiwekwe mita moja kutoka bakuli la paka, na cha paka upande wa mbwa. Paka akila karibu na kitambaa hicho bila kusita, fungua mlango na ubaki na geti lenye kanga. Lisha kila mmoja upande wake, mbali mita tatu, kisha sogeza bakuli nusu mita kila baada ya milo miwili mitatu iliyokwenda vizuri. Mbwa awe na kola na kamba ya mita mbili hivi mikononi mwako. Kila anapomtazama paka kisha akageuza kichwa mwenyewe, mpe kipande cha maini kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Dakika tano zinatosha, mara tatu kwa siku. Paka naye apewe dagaa upande wake, juu ya rafu au kabati, asilazimishwe kushuka.

Jifunze kumsoma mbwa. Anayebweka na kutingisha mwili mzima ana hamu tu, na anafundishika. Wa kuogopewa ni yule anayenyamaza: mdomo umefungwa, mwili umekakamaa, masikio mbele, macho hayapepesi, na hata maini puani hayaoni. Mbwa huyo mrudishe nyuma mita kadhaa hadi aweze kula tena. Kama baada ya wiki kadhaa za kazi ya kila siku bado yuko hivyo, geti lolote halitamtibu, na ni haki kwa wote wawili kumtafutia nyumba isiyo na paka. Paka naye akiacha kula kwa zaidi ya saa 24, mpigie daktari wa mifugo. Paka anayekaa siku mbili au tatu bila chakula anaweza kuharibika ini, hasa akiwa mnene.

Kuhusu vichomekwa vya harufu, yaani vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyotoa harufu ya kutuliza wanyama, vinavyouzwa pamoja na mageti: Feliway ni ya paka, Adaptil ni ya mbwa, na chupa ya mililita 48 hudumu takriban siku 30 katika eneo la mita za mraba 50 hadi 70. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha Feliway Friends na Adaptil katika nyumba zenye mbwa na paka. Ugomvi ulipungua kwa zote mbili, na waliopata Adaptil waliongeza pia utulivu kati yao, ila hakukuwa na kundi la kulinganishia lisilopewa dawa. Ukinunua kimoja, nunua Adaptil, kwani mbwa akitulia paka hufuata. Ila nyumba ya pwani yenye madirisha wazi mchana kutwa hupeperusha harufu hiyo, na aina yenye plagi ya Ulaya bara haiingii kwenye soketi zetu za pini tatu bila adapta. Fedha ikiwa chache, iende kwenye geti.

Jambo moja lisilohusu geti lakini linaloua paka katika nyumba za namna hii ni dawa ya viroboto na kupe. Mbwa wa kuokolewa huja na kupe, na mwenye nyumba humpaka dawa ya matone ya mbwa yenye permethrin, au humwogesha kwa dawa ya josho la ng'ombe yenye cypermethrin, deltamethrin au amitraz. Ini la paka haliwezi kuvunja permethrin kama la mbwa. Paka akijisugua kwa mbwa aliyelowa dawa, anaanza kutetemeka, kutoa mate na kudegedega, na hufa asipowahi matibabu. Soma jina la kiambato, siyo picha iliyo kwenye pakiti. Muulize daktari dawa ya kumeza kwa mbwa, na chanjo ya kichaa cha mbwa wapate wote wawili, paka pia.

Geti la kubana lenye kilango, basi, tunalipa sifa kwa nyumba yenye fremu imara za mbao na mbwa wa kilo 15 hadi 25 asiyeruka. Mpangaji atalipenda zaidi, kwa kuwa analiondoa na kubaki na matundu manne tu ya kuziba. Mbwa mdogo, mtoto wa mbwa, au mruka ukuta: nenda kwa fundi.

Usiliuze wanyama wakizoeana. Lihamishie kwenye mlango wa chumba chenye beseni la mchanga la paka, kilango kikiwa wazi. Mbwa hula kinyesi cha paka kila akipata nafasi, pamoja na mchanga wenyewe, na hula chakula cha paka kilichojaa protini hadi kuharisha. Bakuli la paka likae humo pia, na paka naye asitegemee chakula cha mbwa, kwani hakina taurini, kirutubisho anachokihitaji paka, ya kumtosha.