Databesi ya Exchange imegoma: eseutil au programu ya kulipia?

Watu wa IT wenzangu, databesi ya Exchange (seva ya barua pepe ya Microsoft) ikikataa kumaunti, yaani kuwaka, naona wengi mnakimbilia kugugo programu ya kununua, subirini kwanza. Eseutil, programu ya amri ya kukagua na kurekebisha databesi, mnayo tayari, inakuja na Exchange yenyewe bila hela ya ziada, na kwangu ndo namba moja kwa sababu inakuonyesha tatizo kabla hujagusa kitu. Piga eseutil /mh kwenye faili la edb (ndo databesi yenyewe) usome mstari wa State. Ukikuta Dirty Shutdown usipaniki, maana yake kuna vitu bado viko kwenye logi (mafaili yanayorekodi mabadiliko kwanza) havijaandikwa kwenye databesi, ndo yale ya umeme kukatika seva ikazima ghafla. Shuka kidogo uone Log Required, hapo inakutajia namba za logi inazozitaka, kama zipo zote na ni nzima (zikague kwa /ml) basi /r, inayoingiza logi kwenye databesi, inamaliza kazi na barua zinabaki salama.

Ila hii /p ya kurepea kwa nguvu jamani! Watu wanaipiga kama wanameza Panadol. Kurasa zilizoharibika ambazo haiwezi kuzirekebisha inazitupa ili databesi iwake, na barua zilizokuwa humo ndo basi tena. Halafu ukishaipiga, Microsoft wenyewe wanataka uhamishe meilboksi zote kwenye databesi mpya, sio uendelee na ileile. Kwa hiyo kopi edb na logi zote pembeni kabla ya lolote, diski imejaa tafuta nyingine.

Programu za kulipia kama Stellar Repair for Exchange nazikubali pale logi zimepotea na bakapu hakuna. Inasoma edb ambayo haimaunti, inakutolea meilboksi mojamoja kwenda PST (faili la barua la Outlook) au Exchange iliyo hai. Ipe ile kopi ambayo haijapigwa /p. Uzuri demo inaskani na kukuonyesha barua kabla hujalipa, sasa usiridhike na majina ya mafolda, ingia kwenye meilboksi ya mhasibu, fungua barua za karibuni, angalia viambatanisho kama vipo. Kama demo haizioni usitegemee lisensi itazileta.

Mwenye bakapu nzima asinunue chochote, irudishe kwenye recovery database (databesi ya pembeni ya kuokolea data) halafu vuta meilboksi kwa amri ya New-MailboxRestoreRequest.