Miezi kumi na seti ya gofu iliyotumika: nilichopata, nilichorekebisha

Niliipokea seti yangu stendi ya Nanenane, Mbeya, saa tano usiku, mwezi wa nane mwaka jana. Ilikuwa imefungwa kwenye viroba viwili na kamba ya katani. Nilikuwa nimemlipa muuzaji wa Dar es Salaam shilingi 650,000 baada ya kuona picha mtandaoni, pamoja na 25,000 ya basi. Tangazo lilisema "seti kamili, kama mpya". Muuzaji sitamtaja, kwa kuwa baadaye alinisikiliza vizuri na hilo nitalieleza.

Nimezipiga fimbo hizi kwenye uwanja wa shule ninayofundisha, kwenye shamba la jirani likishavunwa mahindi, na mara tatu Mufindi, kwenye ule uwanja ulio katikati ya chai. Wenzangu kadhaa wa Mbeya na Iringa wananiuliza kama wanunue iliyotumika au wajinyime mpaka wapate mpya. Mimi nasema nunua iliyotumika, lakini usitume hela kabla hujauliza maswali ambayo mimi sikuuliza, na tenga fungu la gripu, yaani mpira wa kushikia fimbo, mapema. Gripu zimeubadilisha mchezo wangu kuliko kitu kingine chochote kwenye lile begi.

Kilichokuwemo: draiva (fimbo ya kupiga mbali kabisa), wood namba 3 na namba 5 (za kichwa kinene, za mbali pia), haibridi mbili (kati ya wood na aironi), aironi namba 4 mpaka 9 (za kichwa chembamba cha chuma), weji ya kawaida na weji ya mchanga (za mpira wa juu na wa karibu), puta (ya kusukumia mpira shimoni), na fimbo moja fupi ya kuchopea mpira karibu na grini (nyasi fupi zenye shimo), yenye nyuso mbili ili uweze kupigia kulia au kushoto. Nilifurahi kuona zimejaa. Nilipofika nyumbani nikazipanga sakafuni nikaanza kuzikagua moja moja chini ya taa.

Wood namba 5 ilikuwa ikilia ndani. Ukiitikisa unasikia kitu kinagonga kichwani, kama punje ya mahindi kwenye debe. Mara nyingi huwa ni kipande cha gundi kilichobanduka, na fimbo inaweza kuendelea kupiga, ila mimi sikununua fimbo ya kulia. Halafu aironi namba 9 haikuwa ya ukoo mmoja na wenzake. Kichwa kilikuwa kilekile, lakini shafti (mpini mrefu wa fimbo) za aironi nyingine zilikuwa na herufi S na ya hiyo moja ilikuwa na R. Mtu aliwahi kuivunja akaweka iliyokuwa karibu. Nikamrekodia muuzaji video ya ile wood, nikampigia picha ya herufi. Siku ya tatu alinirudishia 50,000. Hakubishana. Kwa hilo nampa heshima yake, ingawa neno "kama mpya" hakupaswa kuliandika.

Sasa gripu. Hizi ndizo zilizonitesa miezi miwili ya mwanzo bila mimi kujua. Mpira wa gripu ukikaa miaka unakakamaa, unang'aa, unakuwa kama plastiki ya ndoo. Asubuhi ya Mbeya mwezi wa sita au wa saba, saa kumi na mbili na nusu, vidole vimeganda kwa baridi, unashika kitu kinachoteleza. Mkono unafanya nini? Unabana. Ukibana, mkono wote mpaka bega unakaza, na kichwa cha fimbo hakirudi pale ulipokiweka.

Niligundua kwa chaki. Mwalimu hakosi chaki. Nilipaka uso wa aironi namba 7 chaki kavu, nikapiga mipira kumi, na kila pigo nikaangalia alama ilipo kabla ya kupaka tena. Alama saba kati ya kumi zilikuwa upande wa ndani, karibu na shingo ya fimbo. Mpira ukipigwa hapo hauendi mbali, na mkono unasikia mtetemo hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nimeanza kujilaumu juu ya mkao wangu, nimebadilisha miguu, nimebadilisha mabega. Tatizo lilikuwa kwenye viganja.

Niliagiza gripu 13 za mpira wa kawaida kwa shilingi 12,000 kila moja, puta nikaiacha na yake. Kazi niliifanya mwenyewe Mwanjelwa, kwa fundi wa vyuma aliyekubali nitumie jiriwa yake Jumamosi mchana. Naieleza kwa urefu kwa sababu ni kazi ambayo yeyote anaweza kuifanya, na itakuokoa gharama ya kutuma mzigo Dar na kuurudisha.

Shafti usiibane na jiriwa moja kwa moja, itapondeka. Izungushie kipande cha tyubu ya tairi kwanza. Gripu ya zamani ipasue kwa kisu cha kukatia kapeti, ukisukuma kisu kwenda mbele, mbali na tumbo lako. Kwenye shafti ya chuma unaweza kukandamiza, lakini kwenye shafti nyeusi ya grafaiti pitisha kisu kwa juujuu, maana mkwaruzo mmoja unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Bandua tepu yote ya chini hadi shafti ibaki safi. Hapo ndipo muda unapokwenda. Fimbo tatu kati ya zangu zilikuwa na tepu iliyogeuka ulimbo. Kisha bandika tepu ya pande mbili kwa urefu wa gripu. Chukua gripu mpya, ziba kile kitundu cha mwisho kwa kidole, mimina tapentaini ndani, itikise, halafu ile tapentaini imwagie juu ya tepu yote mpaka iteleze. Hapo hapo ingiza gripu kwa msukumo mmoja bila kusita. Ukisita katikati inanasa na huitoi tena bila kuikata. Ya kwanza niliipoteza hivyo, ikabidi niagize nyingine. Ikishaingia una kama dakika moja ya kuizungusha ili mistari yake ikae sawa na uso wa fimbo. Acha mpaka kesho yake. Mvuke wa tapentaini na moto wa kuchomelea havipatani, kwa hiyo tulisubiri fundi amalize uchomeleaji wake ndipo nikafungua kopo.

Jumatatu asubuhi nilirudi na chaki ileile na aironi ileile. Alama sita kati ya kumi zilikuwa katikati ya uso. Sikuwa nimebadilisha kitu kingine. Nilikaa chini kwenye nyasi nikaitazama ile fimbo kwa muda.

Shafti ni jambo ambalo bado linaniuma. Herufi zinazoandikwa huko, L, A, R, S na X, zinaeleza ugumu wake, kuanzia laini kabisa hadi ngumu kabisa. Ila hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata, hivyo S ya kampuni moja inaweza kuwa karibu na R ya nyingine. Shafti ngumu inamfaa mtu mwenye mkono wa kasi. Mimi mkono wangu ni wa wastani, na S hizi zinanipa mpira wa chini unaokimbilia kulia. Ile namba 9 ya R niliyoilalamikia ndiyo fimbo ninayoipiga vizuri kuliko zote kwenye begi! Ningejua, ningemuuliza muuzaji herufi ya shafti kabla ya kumuuliza bei.

Kuna kingine cha kuuliza: pembe ya uso. Rafiki yangu wa Iringa ana seti mpya na aironi yake namba 7 inapeleka mpira mbali kuliko yangu kwa hatua kumi na tano hivi. Kwa wiki kadhaa niliona mimi ndiye dhaifu. Seti za zamani, namba 7 ilikuwa na pembe ya nyuzi 34 hivi; nyingi za sasa ziko nyuzi 30 au chini ya hapo, na pembe ikipungua mpira unakwenda mbali zaidi. Namba iliyoandikwa chini ni ileile, fimbo ni nyingine. Kwa hiyo ukinunua seti ya zamani, pima fimbo zako mwenyewe, andika kila moja inafika wapi, usijilinganishe na namba za jirani.

Na pima hapa hapa unapoishi. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, haiushiki mpira kama hewa ya pwani. Makisio yanayotumika ni kwamba mpira unazidi kwa kama asilimia 6 katika kimo hiki. Aironi inayokupa mita 130 hapa, ukishuka nayo Dar es Salaam tegemea 122 au 123. Asubuhi ya baridi nayo inapunguza, kwani mpira baridi haurudi vizuri ukigongwa. Siku hizi naiweka mipira mitatu mfukoni mwa koti nikiwa natembea kwenda uwanjani.

Mufindi mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa kumi na moja. Ukitoka Mafinga ukaiacha barabara kuu, misonobari inakupokea, halafu chai inaanza, kijani hadi macho yanapumzika. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba yale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Karibu. Kabla hatujaanza, hebu tuhesabu vitu vyako."

Akalilaza begi kwenye nyasi, akazitoa moja moja akihesabu kwa sauti. Kumi na tano. Kanuni inaruhusu fimbo 14 tu, na ukianza raundi ukiwa umezidisha, katika mchezo wa kuhesabu mikwaju unaongezewa mikwaju miwili kwa kila shimo ulilovunjia kanuni, isiyozidi minne kwa raundi. Nilikuwa nasema nitatoa ile wood inayolia, mzee akainua ile fimbo fupi ya nyuso mbili.

"Toa hii, mwanangu. Hata ungekuwa na fimbo tano, hii usiipige kwenye mashindano."

Alikuwa sahihi, nilikuja kulisoma mwenyewe kwenye Kanuni ya 4 na kanuni za vifaa. Puta peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuwa na nyuso mbili, tena zilizo sawa. Fimbo nyingine yoyote ya namna hiyo ukipiga nayo mkwaju mmoja tu katika mashindano, unaondolewa. Kuibeba bila kuipiga hakuna adhabu, lakini inahesabika kwenye zile 14. Yaani muuzaji alinijazia begi kwa fimbo isiyo halali, na mimi nilikuwa naipenda kuliko zote kwa sababu inachopea mpira vizuri. Sasa iko darasani, nawaonyeshea wanafunzi pembe ya mgongano.

Siku hiyo nilijifunza jingine kwa uchungu. Shimo la nne mpira wangu uliingia pembezoni kwenye majani marefu. Nikachukua mwingine nikapiga palepale nilipopigia wa kwanza, bila kusema neno. Tulipofika mbele tukauona ule wa kwanza umekaa vizuri kabisa. Mzee akatikisa kichwa: kwa kuwa sikutamka kwamba ule wa pili ni wa akiba, yaani wa kutumika tu endapo wa kwanza umepotea, wa pili ndio uliokuwa wa mchezo, na adhabu ya mkwaju juu yake. Maneno matatu tu, "huu wa akiba", yangeniokoa. Wengi tuliojifunzia gofu mashambani hatuna wa kutuambia haya, ndiyo maana nayaandika. Na tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, si tano kama wengine bado wanavyodai.

Mashimo tisa siku ile niliyamaliza kwa mikwaju 58, nikiwa bado na gripu za zamani. Mara ya tatu, mwezi wa tano mwaka huu, mikwaju 51. Draiva ya seti hii ni nzuri kweli, ina shafti ya R na haijanisumbua hata siku moja. Weji ya mchanga nayo ni nzuri. Haibridi moja siitumii. Puta ni nzito kidogo kwa mkono wangu, lakini grini zikiwa na umande uzito ule unasaidia.

Hesabu yote: 650,000 ya seti, 25,000 ya basi, 168,000 ya gripu pamoja na ile niliyoiharibu, 11,000 ya tepu na tapentaini. Ukitoa 50,000 niliyorudishiwa inabaki 804,000. Shafti sijazigusa. Fundi mmoja wa Dar ameniambia 40,000 kila moja, mbali na usafiri. Nitaanza na namba 7, namba 8 na weji ya kawaida, niziweke R kama ile namba 9. Nimeshazifunga kwenye kiroba kilekile zilichokujia, zinaondoka na basi la Alhamisi.