Plagi za Kudumu kwa Minivani ya Zamani: Zipi za Kununua na Zipi za Kuacha

Neno iridium kwenye boksi la plagi halimaanishi kwamba plagi hiyo itadumu. Cheche huruka kati ya ncha mbili: ile ya kati, na ule mguu uliopinda mbele yake. Plagi nyingi za iridium zina madini hayo kwenye ncha ya kati tu, na mguu ni nikeli tupu kama wa plagi ya bei ya chini kabisa. Nikeli inalika, mwanya unapanuka, na plagi inakuwa imekwisha wakati ncha ya kati bado iko sawa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza mguu umewekewa nini.

Kwenye minivani swali hili lina uzito kuliko kwenye gari dogo. Minivani nyingi zina injini ya V6 iliyolazwa kwa upana, plagi tatu zikiwa mbele na tatu nyuma, upande wa dashibodi. Za mbele unazifikia kwa dakika chache. Za nyuma ni shughuli: kwenye baadhi ya injini, mfano 2GR-FE iliyofungwa kwenye Toyota Sienna, inabidi manifoldi ya juu ya hewa ifunguliwe kwanza, na gasketi yake ibadilishwe wakati wa kurudisha. Kazi ya fundi inaweza kuzidi bei ya plagi zenyewe, na ukiweka plagi za kilomita 40,000 utailipa kazi hiyo mara tatu au nne badala ya mara moja. Kama injini yako ni ya silinda nne na plagi ziko juu zinaonekana, hesabu hiyo haikuhusu sana, na utaona hapa chini kwamba plagi ya kawaida bado ina nafasi yake.

Angalia kwanza mfumo wa koili

Fungua boneti utazame. Kama kila plagi ina koili yake juu (kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche), umeme unapita upande mmoja siku zote, na ncha ya kati ndiyo inayolika zaidi. Kwenye gari lenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa koili moja kwa plagi zote) na waya hali ni hiyo hiyo kwa kawaida.

Kuna mfumo wa tatu, na ndio unaowaharibia watu hesabu: pakiti ya koili ambapo koili moja inahudumia silinda mbili. Utaukuta kwenye injini ya 3.3 na 3.8 za Dodge Caravan na Chrysler Town & Country za miaka ya 1990 na 2000, na kwenye 3.4 ya Chevrolet Venture. Hapa plagi mbili zinachoma kwa pamoja, moja umeme ukitoka ncha ya kati kwenda mguuni, nyingine ukitoka mguuni kwenda ncha ya kati. Nusu ya plagi zako zinalika mguu. Ukifunga plagi yenye madini magumu kwenye ncha ya kati tu, tatu zitadumu na tatu zitakwisha mapema, halafu utahangaika kutafuta kwa nini gari linamisi (silinda zinakosa kuwaka) upande mmoja. Mfumo huu unataka plagi yenye madini magumu pande zote mbili.

Mpangilio wetu, kuanzia bora

Nafasi ya kwanza: iridium kwenye ncha ya kati na platinamu kwenye mguu. NGK huziita Laser Iridium, na kwa Denso ni zile za iridium za maisha marefu ambazo namba zake nyingi huanza na SK. Iridium inayeyuka kwenye nyuzi joto 2,446 za Selsiasi, platinamu 1,768, nikeli 1,455, ndiyo maana ncha ya iridium inaweza kuwa nyembamba sana isiliwe haraka. Tegemea kilomita 100,000 hadi 160,000, injini ikiwa nzima. Kama gari lilitoka kiwandani na plagi za aina hii, rudisha namba ile ile na usitafute ujanja mwingine.

Ya pili: platinamu pande zote mbili, kama Laser Platinum za NGK ambazo nyingi namba zake huanza na PFR au PZFR. Kwa gari la pakiti ya koili hizi zinatosha kabisa, na mara nyingi ndizo zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Umri wake unakaribia wa kundi la kwanza. Ukizikuta orijino na zile za kwanza hazipo dukani, chukua bila kusita. Plagi za rutheniamu za NGK nazo tunaziweka karibu na makundi haya mawili, kwa sharti kwamba iwepo namba iliyotajwa kwa injini yako hasa.

Ya tatu: iridium ncha ya kati, nikeli mguuni. Hapa ndipo walipo NGK Iridium IX (namba inaishia na IX, kama BKR6EIX) na Denso Iridium Power (IK mwanzoni). Ni plagi nzuri. Ncha ya kati ya Denso hii ni milimita 0.4, ya IX ni 0.6, kwa hiyo koili haihitaji nguvu nyingi kurusha cheche, na injini iliyochoka huwaka vizuri asubuhi. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya cheche rahisi, si kwa ajili ya kukaa miaka. Hesabu kama nusu ya umri wa kundi la kwanza. Wengi hununua hizi wakidhani wamenunua zile.

Ya nne: platinamu ncha ya kati tu, kama NGK G-Power. Ni chaguo la wastani kwa gari lenye koili juu ya kila plagi au distribyuta. Kwa pakiti ya koili tunaikataa.

Ya tano: nikeli, ambazo madukani huitwa plagi za kopa. Kopa iko ndani, kwenye kiini cha kupitisha joto, na hata plagi za iridium zinayo. Kinachokutana na moto ni nikeli. Umri ni kilomita 30,000 hadi 50,000. Zinafaa katika hali mbili. Kwanza, injini ya zamani iliyoundwa kwa plagi hizo na ambayo plagi zake zinafikika kirahisi. Pili, injini inayokula oili: plagi ya ghali itachafuka kwa masizi ya oili muda mrefu kabla ncha yake haijalika, na utakuwa umetupa pesa. Tibu oili kwanza.

Nje ya orodha tumeacha plagi za miguu miwili, mitatu au minne, isipokuwa pale kiwanda chenyewe kilipoziweka. Cheche hupita mguu mmoja tu kwa wakati, ule ulio rahisi zaidi wakati huo, kwa hiyo miguu minne haikupi cheche nne. Vilevile usichanganywe na herufi TT za Denso. Zinaeleza umbo la ncha mbili nyembamba, na IK20TT ni ya iridium wakati K20TT ni ya nikeli.

Namba ya plagi ina kila kitu

Chukua BKR6E-11 ya NGK. B ni hesi ya milimita 14, K ni kichwa cha soketi ya milimita 16, R ni rezista ndani, 6 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa hesi milimita 19, na 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Urefu wa hesi ndio wa kuogopa. Plagi fupi inaacha hesi za hedi (kichwa cha injini) wazi zikijaa masizi, na ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Injini nyingi mpya kidogo zinatumia milimita 26.5, na plagi ya 19 inaingia bila kulalamika, kwa hiyo usiamini kwamba imeingia basi ni yake.

Kwenye joto kuna mtego. Kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka: 5 ya NGK ni sawa na 16 ya Denso, 6 ni 20, 7 ni 22. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni plagi ya joto zaidi. Ukibadilisha kampuni, tumia jedwali la ulinganisho, usikisie. Plagi ya joto kupita kiasi huleta mlipuko wa mapema ndani ya silinda. Baridi kupita kiasi haijisafishi, inajaa masizi, hasa kwa gari la safari fupi za kupeleka watoto shule. Usiondoe R pia: bila rezista redio itapiga kelele na kompyuta ya injini inaweza kusoma vibaya.

Feki

Plagi ni moja ya vipuri vinavyoigwa sana. Ncha ya iridium orijino ni nyembamba kama waya na imechomelewa safi. Feki huwa na ncha nene, au nyembamba iliyokaa upande. Tazama gasketi: kwa orijino inazunguka lakini haitoki kwa kuvutwa na vidole. Maandishi kwenye kauri yasifutike kwa kucha. Ukiwa na multimita, pima kutoka kichwa cha juu hadi ncha ya kati. Plagi nyingi zenye rezista zinasoma karibu kilo-omu 3 hadi 7.5, na zote za seti zinapaswa kukaribiana. Ukisoma sifuri kwenye plagi yenye R, hiyo ni feki. Isiposoma kabisa, imekufa.

Kufunga

Injini iwe baridi. Hedi ya alumini ikiwa ya moto, hesi zinatoka na plagi. Puliza kila shimo kwa hewa kabla ya kulegeza, maana mchanga uliokaa pale utaangukia kwenye silinda. Kama gari lina waya, toa mmoja, badilisha plagi, rudisha, ndipo uende wa pili. Ukizitoa zote pamoja ni rahisi kukosea mpangilio.

Pima mwanya kwa geji ya waya hata kama boksi linasema umeshawekwa, kwa sababu plagi huanguka safarini. Kwenye iridium na platinamu usitumie geji ya sarafu inayopenyezwa kwa nguvu: inang'oa kipande cha madini au kuvunja ncha. Mwanya ukiwa si sahihi kwa tofauti kubwa, rudisha plagi dukani. Iliyoanguka sakafuni usiifunge, kauri inaweza kuwa na ufa usioonekana.

Anza kwa mkono. Kwa plagi za nyuma, chomeka kipande cha mpira wa petroli juu ya plagi na uzungushe kwa vidole. Hesi zikikaa vibaya mpira utateleza kabla hujaharibu kitu. Kisha kaza. Plagi ya hesi ya milimita 14 yenye gasketi kwenye hedi ya alumini hukazwa kwa Nm 25 hadi 30, lakini kitabu cha gari kikisema chini ya hapo, fuata kitabu. Bila spana ya torki: ikishagusa, ongeza nusu mzunguko kwa gasketi mpya. Kwa plagi isiyo na gasketi, ile ya kiti cha mteremko, ni sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko tu, na wengi huzivunja kwa kuzikaza kama zile nyingine.

Usipake grisi kwenye hesi. NGK inakataza, kwa kuwa hesi zake zimepakwa tayari, na hesi yenye grisi inakazwa kupita kiasi kwa torki ile ile. Grisi ya silikoni weka kidogo ndani ya mpira wa koili au waya. Mipira iliyopasuka ibadilishe sasa hivi: umeme ukivuja pembeni, hakuna plagi itakayokusaidia. Waya za Toyota zipimwe. Ukizidi kilo-omu 25 kwa waya mmoja, badilisha.

Soma plagi za zamani kabla ya kuzitupa

Zipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi kavu ni petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo. Nyeupe yenye vipele ni joto kali. Oili kwenye hesi na kauri ya juu mara nyingi ni mpira wa shimo la plagi kwenye kifuniko cha valvu, kazi ndogo. Oili kwenye ncha ni jambo la ndani ya injini. Duara la kahawia kwenye kauri juu ya chuma si hewa inayovuja kutoka ndani, ni alama ya umeme tu, achana nayo.

Kama baada ya plagi mpya taa ya injini bado inawaka, msimbo P0304 unamaanisha silinda ya nne inamisi. Hamisha koili yake kwenye silinda nyingine. Msimbo ukihama nayo, nunua koili. Ukibaki pale pale, toa plagi uitazame tena kabla ya kugusa injekta au kupima kompresheni.